Mungumi wa Kolo: Pango la Michoro na Maombi
Hapa uliposimama ni mahali pa ibada. Warangi, wenyeji wa hapa, bado hupanda mlima huu kuomba mvua na uponyaji, kwa hiyo tafadhali zungumza kwa sauti ya chini.

Sogea, uutazame mwamba kwa utulivu. Watu warefu, wembamba mno, baadhi wenye vichwa vikubwa vya mviringo, walichorwa kwa rangi nyekundu na wawindaji wa kale. Jicho likizoea, wanyama nao hujitokeza. Michoro myeupe ni ya baadaye, ya wakulima na wafugaji.

Mwanaakiolojia Mary Leakey alinakili michoro ya eneo hili la Kondoa mwaka 1951. UNESCO iliiandikisha kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2006.

Usiiguse wala kuimwagia maji ili ing'ae kwenye picha: maji na jasho la vidole huifuta.