Mwalimu, Fimbo na Afisa Ustawi: Tafakuri kutoka Mtowisa

Mwaka jana, nilipokuwa likizo nyumbani Mtowisa, mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliniuliza swali ambalo sikulijibu siku ile. "Daktari, hawa maafisa ustawi wa jamii wanakuja shuleni kumsaidia mtoto, au kutukamata sisi?" Hakuuliza kwa mzaha. Wenzake wawili tuliokaa nao chini ya mwembe walinyamaza, nami nikatambua kuwa swali lilikuwa la wote. Makala haya ni jibu langu, nalo halipatikani bila kurejea historia.

Mtowisa iko katika Bonde la Ziwa Rukwa, chini ya Lyamba lya Mfipa. Ukishuka kutoka Sumbawanga kwa njia ya Ntendo na Muze, unaiacha baridi ya uwanda wa juu na kuingia katika nchi ya joto, mpunga na uvuvi. Elimu ya darasani ilienea Ufipa kwa mikono ya Mapadri Weupe, waliokishika kituo cha Karema mwaka 1885. Katika shule za misheni, mwalimu mara nyingi alikuwa pia katekista: alifundisha kusoma, akasalisha Jumapili, akasuluhisha ugomvi wa ndoa, akajua ni mtoto gani amelala njaa. Hakuna aliyemwita mtu wa ustawi, lakini kazi hiyo aliifanya.

Ustawi wa jamii kama ofisi ya serikali ulizaliwa kwingine kabisa. Waingereza waliuanzisha hapa mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wakiwa na wasiwasi juu ya askari waliokuwa wakirejea kutoka vitani. Vikajengwa vituo vya jamii mijini, kisha macho yakageukia vijana waliovunja sheria. Baada ya Uhuru, Chuo cha Taifa cha Ustawi wa Jamii kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1973, nacho kikawekwa Dar es Salaam. Kwa mtu wa bondeni, neno "ustawi" lilisikika pale tu ndoa ilipovunjika na wazazi wakagombea matunzo, au mtoto alipokosa na kutajiwa shule ya maadilisho ya Irambo, Mbeya. Lilikuwa neno lenye harufu ya mahakama.

Wakati huohuo mwalimu alizidi kubebeshwa. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kila mtoto wa umri wa shule awe darasani ifikapo 1977. Walimu hawakutosha, hivyo vijana waliomaliza darasa la saba waliitwa kufundisha huku wakijifunza ualimu kwa redio, kwa masomo ya posta na kwa kusimamiwa kazini. Marehemu baba yangu alikuwa mmoja wao. Jumamosi alipanda baiskeli kwenda kwenye vibanda vya mashambani kuwatafuta wanafunzi waliotoroka shule msimu wa kuamia ndege kwenye mpunga.

Kisa kimoja alikisimulia mpaka uzeeni. Kulikuwa na mvulana wa darasa la nne aliyesinzia darasani kila asubuhi. Baba alimchapa siku nne mfululizo. Siku ya tano mtoto hakuja. Jumamosi baba alimfuata kwao, akamkuta akimlisha mama yake uji kwa kijiko. Mama alikuwa mgonjwa wa muda mrefu, na mtoto ndiye aliyekesha naye. "Kwa nini hukuniambia?" baba aliuliza. Mtoto akajibu, "Mwalimu, ulikuwa umeshika fimbo."

Jibu hilo lina mafunzo kuliko vitabu vingi nilivyovisoma. Baba alikuwa na moyo wa kumtembelea mtoto, lakini mkono uliogonga mlango Jumamosi ndio uliochapa Ijumaa. Mtoto hawezi kumfungulia siri anayemwogopa, hata akiwa mwema.

Sasa sikilizeni upande wa walimu. Kanuni za mwaka 2002 zilipunguza viboko kutoka sita hadi vinne, zikataka kila adhabu iandikwe kitabuni. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ikamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa ya mtoto anayenyimwa haki aripoti kwa serikali za mitaa, na ikampa afisa ustawi mamlaka ya kuchunguza. Kisha Januari 2016 ada zikafutwa, madarasa yakafurika. Kwa hiyo mwalimu mwenye watoto waliobanana hadi mlangoni anamwona afisa akishuka kwenye pikipiki, na jambo la kwanza analoulizwa ni kitabu cha viboko. Je, tunashangaa akimwona mkaguzi? Dhana yake imejengwa na historia. Si ukaidi.

Hata hivyo, dhana yenye sababu nayo huweza kumdhuru mtoto. Mwalimu akimficha afisa jambo, anayebaki peke yake ni yule mvulana mwenye kijiko cha uji, au binti anayeandaliwa mahari kimyakimya. Huko Marekani, kazi hii ilipoanza shuleni mwaka 1906 na 1907 katika miji ya New York, Boston na Hartford, waliotumwa majumbani waliitwa walimu watembeleaji. Jina lenyewe liliwaambia wenye shule kwamba mgeni huyu ni wa ukoo wao.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndugu zangu watumishi wa halmashauri, afisa ustawi afike shuleni kabla ya tatizo, akae na walimu, awaulize nani anasinzia na kwa nini; kitabu kingoje. Vyuo vya ualimu navyo vimfundishe mwalimu kwamba kumwita afisa si kukiri kushindwa. Nanyi walimu wa bondeni, jibu langu ni hili: afisa ustawi amekuja kuifanya ile safari ya Jumamosi ya baba yangu, tofauti ikiwa kwamba yeye hakushika fimbo Ijumaa. Mkimpokea hivyo, na yeye akaja hivyo, mtoto atasema.