Murphy, Manowari Iliyompakia Mfalme Jeddah

Balozi wa Marekani nchini Saudi Arabia anaishi Riyadh, kwenye mtaa wa mabalozi, katika nyumba inayoitwa Quincy House. Jina ni la manowari kubwa ya aina ya kruza iliyokuwa imetia nanga kwenye Ziwa Kuu Chungu, katikati ya Mfereji wa Suez, tarehe 14 Februari 1945, siku Rais Franklin Roosevelt alipokutana na Mfalme Abdulaziz ibn Saud. Kila siku ile inapokumbukwa, na mwaka 2025 ilitimiza miaka 80, inatajwa Quincy. Lakini mfalme hakuota tu kwenye sitaha ya Quincy. Alipelekwa na manowari ndogo iitwayo Murphy, na mimi nashikilia kwamba sehemu ngumu ya urafiki wa Marekani na Saudi Arabia ilikwisha kufanyika humo kabla rais hajafungua mdomo.

Murphy ilikuwa destroya, chombo chembamba chenye mbio, kilichoundwa kulinda misafara ya meli na kuwinda nyambizi. Ilishushwa majini Staten Island, New York, mwezi Aprili 1942, na Julai ikaingia kazini. Novemba ileile ilikuwa nje ya pwani ya Morocco, ikapigwa na mizinga ya nchi kavu na kupoteza watu watatu. Mwaka 1943 ikashiriki vita vya kuitwaa Sicily. Kisha usiku wa tarehe 21 Oktoba 1943, ikitoka New York kusindikiza msafara, meli ya mafuta iitwayo Bulkoil iliigonga na kuikata vipande viwili. Omo ikazama na mabaharia zaidi ya 30. Tezi ikakataa kuzama. Waliivuta hadi New York, wakaiunga omo mpya, na baada ya miezi saba ya matengenezo ikarudi baharini, ikawahi kutua kwa majeshi Normandy mwezi Juni 1944 na kusini mwa Ufaransa mwezi Agosti. Chombo chenye historia ya namna hiyo ndicho kilichopewa kazi ya kubeba mfalme.

Mapema Februari 1945 Roosevelt alikuwa Yalta na Churchill na Stalin, naye alitaka aonane na Ibn Saud akiwa njiani kurudi kwao. Murphy ikatumwa Jeddah. Hakuna manowari ya Marekani iliyowahi kuingia bandari ile kabla yake. Waliokwenda kuhiji kwa meli kutoka Mombasa na Zanzibar enzi hizo waliijua vizuri Jeddah: matumbawe yamezagaa majini, gati la kina hakuna, meli inatia nanga mbali na watu wanashushwa kwa mashua. Nahodha wa Murphy alilazimika kunyatia njia.

Aliyepanga safari alikuwa Kanali William Eddy, mwakilishi wa Marekani mjini Jeddah, mtu aliyezaliwa Sidon, Lebanon, kwa wazazi wamisionari, akakua na Kiarabu kinywani. Mambo yalifanywa kwa siri kubwa, maana vita vilikuwa bado vinaendelea. Watu wa Jeddah walidhani msafara wa mfalme unaelekea Makka. Jioni ya tarehe 12 Februari magari yakageukia baharini, mfalme akapanda chombo, manowari ikang'oa nanga. Mji ukajaa uvumi: wapo waliosema mfalme amejiuzulu, wapo waliosema ametekwa.

Wenyeji wa Murphy walitegemea wageni wachache. Walipanda 48: wana wa mfalme Muhammad na Mansur, ndugu yake Abdullah, waziri wa fedha Abdullah Suleiman, washauri, daktari, imamu, mnajimu, walinzi na wapishi wa kahawa. Likaja pia jahazi limejaa kondoo. Mfalme hakuona vipi awakaribishe watu kwa nyama iliyokaa kwenye barafu siku nyingi, na mabaharia wote alikwisha kuwahesabu kuwa wageni wake. Hapa Eddy alionyesha ukomavu. Hakusema sheria za Marekani ni bora wala hakusema desturi ya Waarabu ni nzito. Alimweleza mfalme kwamba baharia anayekula chakula kisichokuwa cha meli atatiwa jela, na bila shaka mfalme hataki kuwafunga vijana wale. Mfalme akawahurumia. Kondoo wachache wakapandishwa kwa ajili ya Waarabu, wakafungwa tezi, na uchinjaji ukafanyika palepale kwenye sitaha ya chuma.

Chumba cha nahodha alikikataa. Karibu na omo, chini ya mizinga, likatandazwa turubai kama hema, yakatandikwa mazulia, kikawekwa kiti chake kikubwa, na humo akashinda na kulala. Kila wakati wa swala ulipofika, afisa wa uongozaji alimpa uelekeo wa Makka, mfalme akauhakikisha na mnajimu wake, kisha akaswali na watu wake. Wapishi wa kahawa waliwasha majiko ya mkaa, na jiko moja likakutwa limewekwa mahali ambapo risasi za mizinga hupandishwa. Naona hapo ndipo mabaharia walipopauka nyuso. Mtu wa redio wa mfalme naye alikuwa akiita nchi kavu kila nusu saa kuuliza kama mambo ni salama, akijibiwa ni salama, akizima.

Mabaharia walimwonyesha mfalme kazi yao: walifyatua mizinga kwenye shabaha ya moshi na kutupa mabomu ya kuulia nyambizi. Alifurahi waziwazi, kwa kuwa alikuwa mpiganaji tangu alipouteka Riyadh mwaka 1902. Usiku wakamwonyesha filamu, The Fighting Lady, inayoeleza maisha ndani ya manowari ya kubeba ndege katika vita vya Pasifiki, sehemu kubwa ikiwa imepigwa juu ya Yorktown. Mfalme wa nchi isiyokuwa na hata boti moja ya vita akatazama ndege zikiruka kutoka kwenye uwanja unaoelea. Baadaye alimwambia Eddy kwamba filamu ni nzuri ila hana hakika kama watu wake wanafaa kupewa vitu kama hivyo, kwani watavipenda na kusahau ibada. Chini ya sitaha mabaharia walikuwa wanatazama filamu nyingine, ya kuchekesha, ya Lucille Ball, yenye wasichana katika bweni la wavulana. Mwanamfalme Muhammad alipata habari, akamuuliza Eddy kwa mzaha kama anapendelea kuuawa mara moja au kukatwakatwa taratibu asipompeleka. Alipelekwa, na Mansur naye.

Asubuhi ya tarehe 14 Murphy ikajisogeza ubavuni mwa Quincy. Mfalme alikwisha kuwapa maofisa majambia na kila baharia zawadi yake, nao wakampa darubini na bunduki. Yaliyofuata kwenye Quincy yameandikwa vitabu: Palestina, na ahadi ya Roosevelt kwamba hataamua jambo bila kushauriana na Waarabu, ahadi aliyoirudia kwa barua tarehe 5 Aprili, wiki moja kabla hajafa. Rais alimpa kiti chake cha magurudumu cha akiba, kilichokuwa kidogo mno kwa kimo cha mfalme, na ndege ya DC-3. Kiti kikaenda Riyadh, ambako mfalme aliwaonyesha wageni kwa fahari. Ndege ikawa mwanzo wa shirika la Saudia, ikiruka baina ya Jeddah, Riyadh na Dhahran.

Churchill hakupenda kuachwa nyuma. Tarehe 17 Februari alikutana na mfalme huko Fayoum, Misri, kisha akamrudisha nyumbani kwa kruza ya Uingereza. Mfalme alilalamika kwamba safari ile haikuwa na ladha: hakuna hema, hakuna maonyesho ya mizinga, na mabaharia hawakuchangamana na watu wake. Hata gari la Rolls-Royce alilotumiwa baadaye lilikuwa na usukani wa kulia, kwa hiyo mfalme angekaa kushoto kwa dereva wake, jambo ambalo asingelikubali.

Murphy haikukaa kusubiri shukrani. Vita vilipokwisha ilipelekwa Nagasaki pamoja na majeshi ya kuikalia Japani, na tarehe 9 Machi 1946 ikatolewa kazini. Ilikaa kwenye akiba mpaka jina lake likafutwa mwaka 1970. Oktoba 1972 ikauzwa kama chuma chakavu. Mwaka uliofuata nchi za Kiarabu zikaizuia Marekani mafuta, na Riyadh ikiwa mstari wa mbele. Quincy yenyewe ikaenda kwenye chuma chakavu mwaka 1974.