Pafu, Jani au Kuchambuka?

Kosa lilikuwa langu, na lilianzia kwenye neno moja. Jirani yangu hapa Tanga, mama wa makamo anayejua kupika kuliko mimi ninavyojua kuandika, aliniomba nimtafsirie maelezo ya kuoka vile vitafunio vya pembe tatu vyenye matunda ndani, vinavyokaa kwenye makabati ya vioo ya migahawa, ambavyo ukiving'ata tu vinakumwagia magamba membamba mpaka magotini. Maelezo yalikuwa ya Kiingereza. Nilipofika kwenye jina la unga wenyewe nikaandika, bila kuumiza kichwa, "unga wa kuvimba". Jina la Kiingereza, puff pastry, limejengwa juu ya neno la kupuliza na kututumka, basi nikaona nimemaliza kazi.

Jioni ya siku ya pili akaniletea sahani iliyofunikwa kawa. Vilikuwa vinene, laini, vimenyonya siagi kama sifongo, wala havikuwa na tabaka hata moja.

"Mwalimu, mbona havikuchambuka?"

Nikamuuliza kama alifuata maelezo. "Nimeyafuata yote. Nikaongeza na hamira vijiko viwili, maana umesema ni unga wa kuvimba, na kwenye karatasi yako hamira haimo. Nikajua umesahau."

Sikuwa na la kujibu. Katika jiko la Pwani unga hauvimbi wenyewe. Unavimba kwa hamira, na anayekosa hamira hutia baking poda. Mama wa watu alisoma jina, akalielewa sawasawa, akalifanyia kazi. Aliyepotea ni jina.

Neno "istilahi" limetoka kwenye shina lile lile la Kiarabu lililotupa suluhu na maslahi. Kwa asili ni mapatano: watu wa kazi moja wameafikiana kwamba kitu hiki tukiite hivi. Mimi sikuwa nimeafikiana na mtu. Na istilahi ya jikoni ina mtihani wake. Istilahi ya darasani ikiwa mbovu, mwanafunzi ataikariri hivyo hivyo na kupata alama zake. Ya jikoni ikiwa mbovu, kesho asubuhi siagi ya watu inaharibika.

Tutazame kwanza wenzetu walikiitaje kitu hiki. Wafaransa husema pâte feuilletée, na ndani yake mna feuille, yaani jani. Wajerumani husema Blätterteig, unga wa majani. Waitalia wana sfoglia na Wahispania wana hojaldre, na maneno yote mawili ukiyafukua chini unakutana na jani la Kilatini. Waarabu wana ajina muwarraqa, lililotoka kwenye waraq, jani au karatasi, ndugu wa damu wa waraka wetu. Kiingereza kimesimama peke yake hapo. Wenzake wametazama jinsi kitu kilivyoundwa. Chenyewe kimetazama kitu kikitoka motoni, kimefura. Nami, kwa kuwa karatasi iliyokuwa mbele yangu ilikuwa ya Kiingereza, nikatazama palepale kilipotazama.

Wafaransa hupenda kusimulia kwamba aliyebuni unga huu ni Claude Gellée, yule mchoraji mashuhuri wa mandhari wa karne ya 17, ambaye inasemekana utotoni alifundishwa kazi ya kuoka. Ni hadithi tamu. Lakini kitabu cha Francisco Martínez Motiño, mpishi wa mfalme wa Hispania, kilitoka mwaka 1611 kikiwa na maelekezo ya hojaldre, na mwaka huo Claude alikuwa bado mtoto. Kitabu cha Kifaransa Le Pâtissier françois, chenye maelekezo ya namna hiyo, ni cha mwaka 1653. Tuwaachie wenyewe wagombanie.

Kazi yenyewe ni hii. Unakanda nusu kilo ya unga wa ngano kwa robo lita ya maji baridi na kijiko cha chai cha chumvi, bila hamira, bila yai. Unauacha upumzike. Kisha unachukua siagi baridi, kuanzia robo tatu ya uzito wa unga hadi sawa nao, unaiponda iwe bapa, unaifungasha ndani ya unga kama mtoto ndani ya khanga. Unasukuma mpaka upate mstatili mrefu, unaukunja mapande matatu, unaugeuza robo duara, unasukuma tena, unakunja tena. Mikunjo ni sita, na kila baada ya miwili unga unarudi kwenye friji nusu saa.

Hapo hesabu inafanya kazi yake kimyakimya. Siagi ilianza ikiwa tabaka moja. Mkunjo wa kwanza umeifanya tatu, wa pili tisa, wa tatu 27, halafu 81, halafu 243, na wa sita 729. Katikati ya siagi hizo pana matabaka 730 ya unga, kwa sababu unga ukigusana na unga hushikana na kuwa kitu kimoja, bali siagi huutenga. Wafaransa wana keki ya unga huu waliyoiita mille-feuille, majani elfu. Ukijumlisha siagi na unga utaona kwamba safari hii hawakutia chumvi.

Ukiutia kwenye oveni yenye nyuzi 200 hadi 220, siagi inayeyuka na maji yanageuka mvuke: ya kwenye unga, na ya kwenye siagi pia, kwa sababu siagi ya kawaida si mafuta matupu, ina maji kiasi cha asilimia 16. Maji yakiwa mvuke hutaka nafasi takriban mara 1,600 ya ile yaliyokuwa nayo. Mvuke unatafuta pa kutokea, unakuta dari la mafuta na unga, unalisukuma juu. Juu ya dari hilo kuna jingine, na jingine. Kwa hiyo kuvimba kupo kweli. Lakini kuvimba ni tokeo. Kilichokuwepo kabla ya moto, na bila hicho hakuna kinachovimba, ni utengano wa matabaka.

Sasa majina. Njia ya mkato ni kulichukua neno la Kiingereza na kulivalisha kanzu: pafu. Hatungekuwa tumefanya dhambi, maana oveni, keki na jamu tumeyapata hivyohivyo na hakuna anayelalamika. Bahati mbaya pafu tunalo tayari, moja kulia na moja kushoto kifuani. "Leo tunaoka mapafu ya nanasi" ni sentensi inayofaa bucha la maajabu. Kuna atakayenikumbusha kwamba pafu nalo hujaa hewa likafura, hivyo mfano haujaenda mbali. Namkubalia, ila sitakula kwake.

Njia ya pili ni kuwafuata wenye majani. Kwa Kiswahili majani ni ya chai, ya mbuzi, au mboga. Ukiandika "unga wa majani" msomaji ataleta mchicha. "Unga wa nyaraka" ungetuunganisha na Waarabu lakini unanuka ofisi na mhuri. "Unga wa matabaka" ndiyo tafsiri ya wasomi, na haina kosa. Ingefaa kitabuni. Kasoro yake ni kwamba matabaka kwetu yameshachukuliwa na siasa, tena ni neno linaloeleza hali tu. Halisemi ule unga unafanya nini mkononi wala mdomoni.

Yote haya niliyachekecha usiku kucha, na jibu lilikuwa limeshaletwa kwangu pamoja na sahani. Mbona havikuchambuka?

Chambua ni kitenzi cha zamani na chenye kazi nyingi. Tunachambua pamba tukiitoa mbegu, tunachambua mboga, tunachambua samaki tukitenga mnofu na miba, na siku hizi tunachambua hotuba na mechi za mpira. Kuchambuka ni kitu kuachana chenyewe, nyuzi kwa nyuzi au ngozi kwa ngozi. Na jikoni neno hili lina makao rasmi: chapati za kuchambuka. Kila anayesukuma chapati anazijua. Unasukuma donge, unalipaka samli au mafuta, unalikata na kuliviringisha liwe kamba, unaizungusha kamba iwe kama konokono, unaibonyeza, unasukuma upya. Chapati ikiiva unaipigapiga kwa viganja, inafunguka ngozi ngozi. Anayetengeneza manda za sambusa kwa mkono naye anafanya jambo hilohilo: anapandanisha duara nne za unga zilizopakwa mafuta, anazisukuma kwa pamoja, anazipitisha juu ya chuma cha moto, kisha anazibandua moja moja. Wanawake wa Pwani wamekuwa wakitenganisha unga kwa mafuta miaka yote hii, nasi tunawatafutia neno kwenye kamusi ya Kiingereza.

Tofauti ya chapati na unga wa Wafaransa ipo, nayo ni nzuri kuijua. Samli imechemshwa mpaka maji yote yamekwisha. Inatenga, lakini haileti mvuke wake. Mvuke ni wa unga peke yake. Kwa hiyo ukitumia samli mahali pa siagi utapata kitu kinachochambuka na kisichonyanyuka sana. Majarini ngumu inavumilia joto letu kuliko siagi, ingawa ladha yake inabaki imeganda kwenye kaakaa la mdomo. Siagi huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 32 hivi, na huo ndio mchana wa kaskazi hapa kwetu. Ikishayeyuka inanyonywa na unga, utengano umekwisha, umebaki na mkate wa mafuta. Balaa ni kwamba kaskazi ndio msimu wa embe. Kazi ifanyike alfajiri, au usiku watu wakiwa wamelala.

Limebaki neno la kusimama mbele ya kuchambuka. Unga? Kwa mazungumzo linatosha, maana tunasema unga umeumuka ilhali umekwisha kandwa. Lakini bandika "unga wa kuchambuka" kwenye paketi dukani, mteja atadhani ni unga mkavu wa aina mpya. Kuna kinyunga, neno la haki kabisa kwa unga uliokandwa, ila nilipolitamka mbele ya mabinti wa nyumba yangu walitazamana. Donge linajulikana na kila mtu: kata madonge, funika madonge. Lina mzigo wake kidogo, kwa kuwa kwenye taarabu watu huona donge bila kugusa ngano. Mzigo huo haunisumbui. Nimeandika donge la kuchambuka, na nitaendelea hivyo mpaka wenye jiko wapatane vinginevyo.

Karatasi ya pili nikaipeleka. Akaisoma amesimama mlangoni, akaniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Hapa umesema kunja mara tatu. Mara tatu, au mapande matatu?"

Nimeishi na Kiswahili maisha yangu yote na sikuwa nimeona shimo hilo. Ukikunja mara tatu, yaani nusu, kisha nusu, kisha nusu, unapata mapande manane. Wafaransa kila mkunjo wanauita tour, mzunguko, kwa sababu ya kule kuugeuza unga. Neno hilo lingenipoteza zaidi.

"Andika: kunja kama barua," akasema. "Kila mtu anaijua."

Kwa hiyo waraka umerudi kwa mlango wa uani.

Kuhusu matunda ana lake, nami naliandika kama lilivyo. Embe au nanasi mbichi halitiwi. Maji yake yanalowesha tabaka la chini, nalo likilowa halinyanyuki, linabaki kama ugali mbichi. Anakatakata vipande vidogo, anapika na sukari na iliki mpaka maji yakauke na rangi ikolee, anakamua ndimu, anaacha ipoe kabisa. Yai la kupaka analipaka juu tu. Likichuruzika kwenye ukingo uliokatwa kwa kisu linagundisha matabaka, na upande huo unabaki chini huku mwingine ukipanda, kitu kinatoka kimeinama kama jahazi lenye tumbo la upepo. Katikati anachoma tundu kwa uma.

Maelezo yangu ya awali yalikuwa ya tunda la Wazungu, lile Wafaransa wanalolitia ndani ya kitu walichokiita chausson, kiatu cha kuvaa ndani. Hapo nako nilikuwa nimeandika tofaa. Hapa Pwani mtofaa ni mti mwingine, wenye tunda jekundu lenye nyama nyeupe ya majimaji, na ukilipika linakuwa supu. Tufaha ndilo la dukani. Silabi mbili tu, na ingekuwa sahani ya pili kuharibika.

Siku hizi anaoka kila Ijumaa na kuuza. Vinachambuka, nimevila na nimevipukuta kwenye shati. Juu ya ndoo yake ya plastiki amebandika boksi lililoandikwa kwa kalamu nzito SAMBUSA ZA EMBE. Nilimwambia kwa upole kwamba sambusa hukaangwa.

"Na za kuoka nizipeleke wapi, Mwalimu?" akasema, akamrudishia mteja chenji.