Kiti cha Pili Mjini Lausanne

Kwa miaka mingi wataalamu wengi walimchunguza mtoto mchanga akiwa na mtu mmoja tu: mama. Jaribio mashuhuri la Edward Tronick na wenzake, lililochapishwa Marekani mwaka 1978, lilimtaka mama aache ghafla kuonyesha hisia usoni mbele ya mwanawe. Baba hakuwamo.

Mjini Lausanne, Uswisi, Elisabeth Fivaz-Depeursinge na Antoinette Corboz-Warnery waliongeza kiti cha pili. Mtoto aliketishwa kwenye kiti kidogo kinachogeuzwa, wazazi wote wawili wakimkabili, kamera zikirekodi. Kwanza mzazi mmoja anacheza naye, mwenzake akitazama tu. Wanapokezana. Kisha wanacheza wote watatu. Mwisho wazazi wanaongea wao kwa wao, na mtoto ndiye anayekuwa mtazamaji.

Yaliyoonekana yanasisimua hata leo. Mtoto wa miezi mitatu, ambaye hata kukaa mwenyewe hajaweza, anamchekea mama, halafu anamgeukia baba tabasamu lingali usoni. Anawaunganisha.

Kitabu cha watafiti hao kilitoka mwaka 1999, na ni haki kusema kilichelewa: akina baba walikuwa nyumbani siku zote. Mchezo huo wa watu watatu sasa hutumika pia kliniki, kuzisaidia familia.