Mvujo wa Maji ya Ubongo

Aliyetolewa uvimbe wa tezi ya pituitari kupitia puani huambiwa, kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, aangalie kama maji ya uti wa mgongo yanavuja. Naye ataangalia wapi? Mgongoni, bila shaka, ilhali yakivuja yatatokea puani.

Jina hilo tumelizoea kwa sababu sindano ya kipimo huchomwa kiunoni. Lakini maji yenyewe hutengenezwa ndani ya ubongo, takriban nusu lita kwa siku. Yaliyopo kwa wakati mmoja ni kama mililita 150 tu, kwa hiyo hubadilika mara tatu au zaidi kila siku. Wataalamu huyaita ugiligili wa ubongo na uti wa mgongo, jina sahihi ila refu mno kwa mtu aliye kitandani. Kwenye maandishi ningelifupisha liwe ugiligili wa ubongo. Wodini, maji ya ubongo yanatosha.

Ubongo umekaa juu ya sakafu ya fuvu, na sehemu ya mbele ya sakafu hiyo ndiyo dari ya pua. Daktari hupitisha endoskopu, mrija mwembamba wenye taa na kamera, akatoboa mfupa, akapasua utando mgumu unaofunika ubongo pale inapobidi, akautoa uvimbe. Fuvu halikufunguliwa kwa juu, lakini limebaki tundu linalounganisha ubongo na pua. Kuzuia mvujo maana yake hasa ni daktari kuliziba tundu hilo kabla ya kutoka.

Walitangulia walioziba tundu la namna hiyo kwa kulifungua fuvu lenyewe. Walter Dandy wa Marekani alifanya hivyo mwaka 1926. Njia ya puani ilipopanuka, tabu ikawa kuziba tundu kubwa. Mafuta ya tumboni na utando wa misuli ya paja husaidia, ila vikishakatwa havina damu yake. Mwaka 2006 Hadad na Bassagasteguy wa Rosario, Argentina, pamoja na wenzao wa Pittsburgh, walichapisha njia nyingine: kubandua ngozi laini ya ukuta wa kati wa pua, kuiacha imeshikana kwa nyuma na mshipa wake wa damu, kisha kuigeuza ifunike tundu. Mimi ningeiita kiraka hai. Chini yake hutangulizwa tabaka nyingine, na juu huwekwa gundi ya tishu na kizuizi cha pamba au puto dogo, ili kiraka kisisogee kabla hakijashika.

Kiuno nacho kina kazi yake. Utafiti wa Pittsburgh uliochapishwa mwaka 2019 uliwahusisha wagonjwa 170 wenye matundu makubwa. Nusu yao waliwekewa mrija kiunoni wa kupunguza maji, mililita 10 kwa saa kwa siku tatu. Waliovuja ni asilimia 8.2 kati ya wenye mrija, na asilimia 21.2 kati ya wasio nao. Tofauti hiyo si ndogo. Hata hivyo mrija huleta maumivu ya kichwa na unaweza kuingiza vijidudu, kwa hiyo si wa kila mtu mwenye tundu dogo.

Kilichobaki kiko mikononi mwa mgonjwa: asipenge kamasi, asibebe mizigo, asijikamue chooni (ndiyo maana hupewa dawa ya kulainisha choo). Chafya ikimjia, aipige mdomo wazi, hata kama alilelewa kuibana kwa adabu. Kila msukumo wa namna hiyo hukisukuma kiraka.

Dalili yenyewe ni maji maangavu yanayodondoka, mara nyingi kwenye tundu moja la pua, hasa akiinama mbele. Akilala, huteremka kooni yakiacha ladha ya chumvi. Kamasi ikikaukia kwenye leso huifanya iwe ngumu. Maji haya hayaifanyi hivyo. Akiyaona asisubiri kesho, kwani mlango uliotoa maji huingiza bakteria, na bakteria wakifika kwenye utando wa ubongo huleta homa ya uti wa mgongo.

Leso si ushahidi wa mwisho. Kipimo cha sukari nacho hudanganya, maana machozi na kamasi vina sukari pia. Kinachoaminika ni kutafuta protini iitwayo beta-2 transferini, ambayo kwa kawaida haipo kwenye kamasi wala machozi. Matone machache yaliyokingwa kwenye kichupa safi yanatosha.