Dawa za Homa Unyanyembe na Nzega: Kutoka Kwinini hadi Salfa

Kwinini ilifika Unyanyembe kabla ya utawala wowote wa Kizungu, ndani ya masanduku ya wageni waliopanda na misafara kutoka pwani. Burton na Speke waliingia Kaze, jirani na Tabora ya leo, Novemba 1857. Mwaka uliofuata Speke alishika njia ya kaskazini hadi ziwani, kupitia nyanda za Wanyamwezi na Wasukuma, ambako ndiko iliko Nzega. Livingstone naye, aliyekaa Kwihara, huko huko Unyanyembe, miezi kadhaa mwaka 1872 akingoja wapagazi, alijulikana kwa vidonge vyake vya kwinini iliyochanganywa na kalomeli na dawa za kuendesha tumbo.

Mashaka juu ya dawa yenyewe hayakukawia. Mwaka 1898, baada ya utafiti wake katika koloni la Wajerumani, Robert Koch alidai kwamba homa ya mkojo mweusi ilitokana na sumu ya kwinini, si malaria kali. Alikuwa amevuka mpaka, ila hakukosea kabisa: kwinini, hasa ikimezwa na kuachwa bila utaratibu, ni kichocheo kimojawapo cha maradhi hayo.

Klorokwini ilikuja baada ya Vita Kuu ya Pili. Iliwawasha wengi mwili mzima, nao wakasema dawa imewakataa. Muwasho huo, hata hivyo, haukuwa mzio. Vimelea vilipoizoea, Tanzania Bara iliiacha Agosti 2001 na kuweka SP, yaani salfadoksini na pirimethamini. Salfadoksini ni ya jamii ya salfa, sawa na kotrimoksazoli ambayo wengi huiita septrini.

SP iliingia na sifa mbaya iliyoitangulia. Katika miaka ya 1980 baadhi ya wasafiri wa Marekani waliomeza Fansidar, jina la kibiashara la SP, kila wiki kama kinga walibabuka ngozi, midomo na macho, wengine wakafa. Ugonjwa huo ni sindromu ya Stevens-Johnson, iliyoelezwa na madaktari wawili wa Marekani mwaka 1922. Habari za namna hiyo zilienea Tanzania, na wapo waliokataa SP hata walipozidiwa na homa.

Kinachotokea mwilini ni kazi ya seli T. Seli hizi hazitambui kitu kizima. Hukagua vipande vya protini vinavyowekwa juu ya molekuli za HLA, mfano wa chakula juu ya sinia. Salfa ni ndogo mno kuonekana peke yake. Njia moja ni kwamba ini huigeuza kuwa kemikali kali inayogandamana na protini za mwili, na kipande kilichobadilika hivyo huonekana kigeni. Njia ya pili ilipendekezwa na Werner Pichler wa Bern: dawa, bila kubadilika, hujishikiza moja kwa moja kwenye kipokezi cha seli T au kwenye HLA na kuiamsha seli. Seli T zilizoamka humwaga granulisini, protini inayoua seli za ngozi. HLA hurithiwa, ndiyo maana ndugu wawili wa baba mmoja wanaweza kumeza kidonge kile kile na mmoja tu akaumia. Seli hizo pia huhitaji siku kadhaa kuongezeka, kwa hiyo upele hauji siku ile ile, na salfadoksini hukaa damuni kwa wiki nyingi.

Dozi moja ya tiba haina hatari ya kulinganishwa na ile ya kumeza kila wiki, jambo ambalo hofu ya mitaani haikulipambanua. Lakini hofu yenyewe haikuwa ya bure: wenye VVU hupata mzio wa salfa mara nyingi zaidi kuliko wengine, na mwaka 2001 wengi hawakujua hali zao.

Mwishoni mwa 2006 dawa ya mseto, ALu, ilichukua nafasi ya SP katika tiba. SP ilibaki kliniki za wajawazito kama kinga, nako mama huulizwa kwanza iwapo salfa imewahi kumdhuru. Mjamzito mwenye VVU anayetumia kotrimoksazoli hapewi SP, kwa kuwa zote mbili ni salfa.