Unene wa mabomba ya feleji katika fremu ya baiskeli

Unene wa mabomba ya feleji katika fremu ya baiskeli ni kipimo cha ukuta wa bomba, yaani umbali kutoka uso wa nje hadi uso wa ndani. Hutajwa kwa milimita. Katika baiskeli nyepesi za mbio za barabarani ukuta huo kwa kawaida huwa kati ya mm 0.4 na mm 1.0. Anayeuchagua hana budi kupima pamoja mambo matatu: uzito wa fremu, ukakamavu wake na usalama wa mpandaji.

Mabomba yenye ncha nene

Mkazo mkubwa katika fremu huwa karibu na viungo, na hapo hapo ndipo joto la kulehemu hudhoofisha feleji. Katikati ya bomba mkazo ni mdogo. Kwa hiyo mabomba bora huwa manene kwenye ncha na membamba katikati, ingawa kipenyo cha nje hakibadiliki. Alfred Milward Reynolds wa Birmingham, Uingereza, alipata hataza ya njia ya kuyatengeneza mwaka 1897.

Unene wa mabomba haya huandikwa kwa namba tatu, moja kwa kila ncha na moja ya katikati. Kampuni ya Columbus ya Milano, Italia, ilijulikana kwa seti mbili: SL yenye 0.9/0.6/0.9 na SP yenye 1.0/0.7/1.0. Ya kwanza ilifaa wapandaji wa uzito wa kawaida. Ya pili ilifaa watu wazito, fremu kubwa na barabara mbaya.

Kosa kubwa hutokea wakati wa kukata. Mabomba huuzwa yakiwa marefu kuliko yanavyohitajika, hasa kwa fremu ndogo. Fundi asiyejua sehemu nene inaishia wapi anaweza kuikata karibu yote, kisha akalehemu kiungo juu ya ukuta mwembamba. Fremu hiyo itapendeza ikiwa mpya, lakini baada ya muda inaweza kupata ufa kando ya kiungo. Basi hupimwa kwanza, ndipo msumeno ushikwe.

Kipenyo na ukakamavu

Unene hauchaguliwi peke yake. Katika bomba jembamba, ukakamavu huongezeka sawia na unene wa ukuta, lakini kwa kipenyo huongezeka kwa kipeo cha tatu. Kwa mfano, bomba la kipenyo cha mm 28.6 lenye ukuta wa mm 0.9 kote lina gramu 615 hivi kwa kila mita. Ukuta ukipunguzwa hadi mm 0.6 bila kubadili kipenyo, uzito hupungua kwa theluthi moja, na ukakamavu nao hupungua karibu kiasi hichohicho. Mpandaji mzito ataona fremu inanepa anapokanyaga pedeli kwa nguvu. Lakini bomba la mm 31.8 lenye ukuta wa mm 0.6 lina gramu 460 hivi kwa mita, yaani pungufu kwa robo, na bado lina takriban asilimia 95 ya ukakamavu wa lile la kwanza.

Njia hii ina mpaka wake. Bomba pana lenye ukuta mwembamba sana hubonyea kwa urahisi baiskeli inapoanguka au kuegemezwa vibaya.

Aina ya feleji

Wengi hudhani kwamba feleji ya bei ghali ni kakamavu zaidi. Sivyo. Aloi zote za feleji zina ukakamavu unaokaribiana, takriban gigapaskali 200. Zinachotofautiana ni nguvu, yaani mkazo ambao bomba hustahimili kabla ya kupinda moja kwa moja au kuvunjika. Reynolds 531 ya mwaka 1935, yenye manganisi na molibdeni, ilitumika kwa miongo mingi. Reynolds 753, iliyoimarishwa kwa joto, iliruhusu kuta nyembamba zaidi, lakini ililehemiwa kwa aloi ya fedha inayoyeyuka kwa joto dogo, kwa kuwa joto kubwa lingeharibu nguvu hiyo. Kampuni iliwauzia tu mafundi ambao sampuli zao za kulehemu zilifaulu majaribio.

Kutambua fremu ya zamani

Kibandiko kikiwa kimetoka, nguzo ya tandiko husaidia. Bomba la tandiko la mm 28.6 likipokea nguzo ya mm 27.2, ukuta wake wa juu ni mm 0.6 hadi 0.7, nguzo ya mm 26.4 huonyesha ukuta mnene wa mm 1.0 au zaidi. Ni dalili tu, kwani huenda bomba lilichongwa ndani baadaye.

Fremu yenye kuta nyembamba huhitaji kupakwa mafuta ya kuzuia kutu kwa ndani, maana kutu inayokula mm 0.2 katika ukuta wa mm 0.6 imeondoa theluthi yake.